Klementi Harudi, Mkwe Aliyechimba Msingi Mpaka Kifuani

Wasifu wa marehemu uliosomwa na shemeji yake, Mwalimu mstaafu Melkiori Simeoni Msengi, nyumbani kwa marehemu, Kinampanda, wilaya ya Iramba, Ijumaa tarehe 6 Juni 2025.

Mchungaji, wazee wa usharika, viongozi wa kijiji, ndugu, jamaa na majirani. Wakubwa zangu shikamooni, na wote kwa pamoja poleni na msiba.

Severina, binti mkubwa wa marehemu, aliandika wasifu wa baba yake ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri. Nikausoma. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli, lakini mtu aliyekuwemo sikumfahamu. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu uliyemwandika hajawahi kugombana na mtu hata siku moja." Akanijibu, "Mjomba, huu ni msiba." Nikamwambia najua ni msiba, lakini tunamzika baba yako, hatumziki mtu mwingine. Akanipa kalamu, na mchungaji akanipa dakika kumi na tano. Mchungaji naomba usitazame saa.

Marehemu Klementi alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kisiwa cha Barbados, nchi iliyoko Bahari ya Karibi, upande wa pili wa dunia. Ni nchi ndogo. Iramba yetu ingeimeza mara kadhaa na bado tungebaki na mahali pa kuchungia. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mama aliyekata miwa na baba aliyekata miwa, na wazazi wao pia walikata miwa, katika shamba lile lile la familia ya Kiingereza iliyoitwa Harwood. Mababu wa marehemu walifikishwa pale kwa meli kutoka Afrika, wakiwa watumwa. Hakuna aliyejishughulisha kuandika walitoka kijiji gani wala mama zao waliwaitaje. Waliitwa Harwood, jina la mwenye shamba, kama ng'ombe wanavyopigwa chapa ya mwenyewe.

Utumwa ulipokomeshwa kule, mwaka 1838, watu waliambiwa wako huru, ila ardhi ilibaki ya bwana. Waliruhusiwa kukaa pembeni mwa shamba maadamu wanakata miwa yake. Ukikosana na msimamizi, unaondoka. Ndiyo maana watu wa kisiwa kile walizoea kujenga vijumba vya mbao vilivyokaa juu ya mawe, bila msingi. Siku ukiambiwa hama, unang'oa misumari, unapakia kuta zako kwenye mkokoteni, na kabla ya jua kuzama umeshasimamisha nyumba mahali pengine. Marehemu alihamishwa hivyo mara mbili kabla hajafikisha miaka kumi. Mara ya pili mama yake alikuwa amebandika maharage. Waliondoka na sufuria, wakayapikia maharage hayo hayo walikohamia, na marehemu alisema yaliiva vizuri tu.

Alisoma shule ya kanisa kijijini kwao kuanzia mwaka 1946 hadi 1955. Msimu wa kukata miwa darasa lilibaki nusu, na waliobaki walikaririshwa mito ya Uingereza. Miaka mingi baadaye, tukiwa tunapaua darasa hapa Kinampanda, nilimsikia juu ya ngazi akiitaja mito hiyo kwa sauti ya chini kama anasali. Alipokwama, nikaendelea mimi. Akashuka ngazi.

"Shemeji, hiyo umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa, mwaka 1959. Kwa fimbo."

"Na mimi kwa fimbo," akasema, akacheka mpaka akaketi juu ya mbao. Kumbe yeye kule na mimi huku, bahari nzima katikati, tulichapwa kwa ajili ya mto mmoja, na hakuna kati yetu aliyewahi kuchota maji yake. Marehemu aliuona kwa macho ujanani. Alisema ni mchafu.

Mwaka 1961 alikwenda London kutafuta maisha. Asubuhi aliosha mabasi, jioni alisomea useremala, akapata cheti chake mwaka 1967. Alisema Waingereza walimwuliza kila wiki atarudi lini kwao, naye hakuwa na jibu, kwa sababu kwao palikuwa pa Bwana Harwood. Aliposikia kwamba Tanzania inatafuta mafundi wa kufundisha vijana, na kwamba ardhi huku si ya bwana yeyote, aliandika barua. Alijibiwa baada ya miezi kumi na minne. Alishuka kwenye basi pale Kiomboi tarehe 9 Septemba 1972, akiwa na sanduku la nguo na sanduku la randa, patasi na misumeno. La nguo lilikuwa dogo.

Kwa miaka yote aliyokaa London alikuwa ameahidi moyoni kwamba akifika Afrika atapiga magoti na kubusu ardhi ya babu zake. Akafanya hivyo, stendi, mbele ya watu, palipokuwa pamelala mbuzi. Wamama waliokuwa wakiuza vitumbua wakadhani ana kifafa. Wawili wakamshika miguu, mmoja akakaa juu ya kifua chake, na wa nne akamtia kijiko mdomoni asijing'ate ulimi. Marehemu alijaribu kueleza, lakini mwenye kijiko mdomoni haelezi, na hata kingetolewa, Kiswahili alikuwa hana. Alipenda kusema kwamba alirudi nyumbani baada ya miaka mia mbili na akakaribishwa kwa kijiko.

Wazee wa hapa walimpokea vizuri. Wakamwuliza kile tunachomwuliza kila mgeni: wewe ni wa ukoo gani? Mkalimani akatafsiri. Marehemu akafurahi sana, akajibu, "Hilo ndilo nimekuja mnieleze ninyi." Wazee wakatazamana. Kwa kuwa alizungumza Kiingereza tu, watu wakamwita Mwingereza. Alivuka bahari asiwe mtu wa Waingereza, akafika Kinampanda akawa Mwingereza. Jambo hili lilimuuma, na aliyemponya alikuwa karani wetu wa kijiji wakati huo, Mzee Paskali, ambaye hakukusudia.

Siku ya kuandikishwa, Paskali alimwuliza jina. Akajibu, "Clement Harwood." Paskali akasikia alichosikia, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Klementi Harudi. Akagonga mhuri. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha, na Kiingereza changu kilikuwa kinatosha, basi marehemu akaniletea karatasi ile nimweleze kwa nini kila anayeisoma anacheka.

"Ni jina zuri," nikamwambia. "Maana yake ni kwamba mtu haendi tena kule alikotoka."

"Nani kasema?"

"Karatasi imesema. Ina mhuri."

Nikamwambia tunaweza kwenda kwa Paskali arekebishe. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Mtu akilirekebisha jina hili nitagombana naye." Tangu siku hiyo jina la mwenye shamba hakulitumia tena, isipokuwa kwenye pasi ya kusafiria, ambayo aliifungia kabatini.

Alifundisha useremala katika kituo cha ufundi cha hapa jirani kuanzia 1972 hadi alipostaafu mwaka 2001. Wanafunzi wake wametawanyika mkoa mzima. Ukikuta mlango unaofungika bila kupigwa teke, kuanzia Mkiwa mpaka Manyoni, uliza jina la fundi, halafu uliza alifundishwa na nani. Alikuwa na tabia mbili zilizowashangaza wakaguzi. Kwanza, hakusimama hata mara moja nyuma ya mtu anayefanya kazi. Alisema kule kwao wasimamizi walisimama nyuma ya baba yake tangu miwa ya kwanza mpaka ya mwisho, na yeye alikuwa anaijua sauti ya baba yake akivuta pumzi kwa hofu. Kwa hiyo alishika randa akafanya kazi katikati ya wanafunzi, na mkaguzi akija alilazimika kuuliza mwalimu ni yupi. Pili, hakumwita mwanafunzi kwa namba. Mwaka mmoja alikuwa na wanafunzi hamsini na wawili, na wanne kati yao waliitwa Yohana. Akawaita kwa majina ya mama zao, na wazazi wanne wakaja kulalamika.

Nije kwenye nyumba. Kijiji kilimpa kiwanja na ekari mbili za kulima. Hakuamini. Alimwuliza mwenyekiti mara tatu: nikiacha kazi ya kituo, je? Nikikosana na wewe, je? Mwenyekiti akamwambia tugombane, tusigombane, kiwanja ni chako. Marehemu akaitikia kwa mdomo, lakini mikono yake haikuitikia. Akajenga kijumba cha mbao, kizuri, chenye madirisha ya kufungua kwa nje, na akakikalisha juu ya mawe manne. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuinama na kuchungulia chini ya nyumba. Kuku wa majirani walihamia humo chini, wakatagia.

Kicheko kilikoma mwaka 1974, tulipoambiwa sote tuhamie kwenye kijiji kipya karibu na barabara. Sisi wenye matembe tuliacha kuta na paa, tukaenda kulala chini ya turubai mpaka tukajenga upya. Marehemu alitoa misumari asubuhi, akapakia nyumba yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na jioni alikuwa amekaa ndani akinywa chai. Tulikwenda kumpongeza. Tukamkuta anatokwa na machozi. Nilidhani ni moshi. Hapakuwa na moto. Alinishika mkono, akasema, "Melkiori, hii ni mara ya tatu." Sikumwelewa, nami nikamwambia angalau yeye ana paa.

Wakati huo alikuwa ameshamwona dada yangu Emiliana. Emiliana alikuwa anashona nguo, akaagiza kwake meza ya cherehani. Ikawa tayari. Alipoifuata, marehemu akaipapasa, akasema ina kasoro, arudi baada ya wiki. Akarudi. Ikaonekana kasoro nyingine. Mara ya tatu Emiliana akaegemea mlango wa karakana, akasema, "Mwalimu, ukiona kasoro tena nakwenda kununua Singida mjini."

Marehemu akaweka patasi chini. "Meza haina kasoro."

"Najua. Tangu wiki ya kwanza nilijua."

"Mbona ulikuwa unarudi?"

"Kwani wewe mbona ulikuwa unaiharibu?"

Ndivyo walivyokubaliana, na dada yangu yupo hapa, anaweza kunikanusha. Naona hanikanushi.

Baba yetu, Mzee Simeoni Msengi, ndiye aliyekataa. Mshenga, ambaye alikuwa Paskali yule yule, alifika na maneno yote yanayotakiwa. Baba akamsikiliza, halafu akasema, "Mtu ambaye nyumba yake inabebeka, siku moja ataibeba na binti yangu akiwa ndani." Nami, mbele ya Mungu na mbele yenu, nakiri kwamba nilimuunga mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, najiona msomi. Nilisema yule ni mtalii aliyechelewa basi. Dada yangu hakunipikia kwa wiki tatu.

Kisha marehemu akafanya jambo ambalo si desturi. Alikuja mwenyewe, bila mshenga, mchana, akiwa amevaa suti ya London katika jua la Oktoba. Akamwamkia baba, akakaa kwenye kigoda, na akaeleza kwa Kiswahili chake cha wakati ule, kilichokuwa na matundu mengi, kwa nini nyumba yake iko juu ya mawe. Akaeleza habari za shamba la miwa, msimamizi, mkokoteni, na sufuria ya maharage. Baba alikuwa anachonga mpini. Katikati ya maelezo akaacha kuchonga.

"Kengele yenu ililia saa ngapi?" baba akauliza.

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Yetu pia."

Sisi watoto tulijua jambo moja tu kuhusu ujana wa baba: alikwenda Tanga, akarudi na baiskeli. Siku ile ndipo tulipojifunza kwamba hiyo baiskeli ilimgharimu miaka minane ya kukata mkonge, kuanzia 1938 hadi 1946. Aliandikishwa, akapewa kipande cha kazi, akapakiwa kwenye treni na wenzake, wakalazwa watu sita chumba kimoja kambini. Baba hakuitwa Simeoni kule. Aliitwa mia nne kumi na saba. Alipougua homa, nyapara alimwambia chumba ni cha mfanyakazi, si cha mgonjwa, akamtoa nje na mkeka wake. Haya yote alimweleza mgeni, sisi tukiwa tumesimama pale. Mama yetu, Bibi Klara, aliyeishi naye miaka ishirini na tisa, alikuwa na ungo mkononi na hakupepeta hata punje moja.

Baba alipomaliza alimtazama marehemu kwa makini. "Kwa hiyo wewe ni manamba."

"Ndiyo, baba. Manamba wa kuzaliwa."

"Mimi niliporudi hapa, kabla sijasalimia watu vizuri, nilichimba shimo la nguzo ya nyumba yangu mpaka mkono ukaishia begani. Nenda kachimbe msingi. Nitakuja kuuona."

"Nichimbe kwenda chini kiasi gani?"

"Mpaka uridhike," baba akasema, akarudi kwenye mpini wake.

Ndugu waombolezaji, hilo lilikuwa kosa la baba. Huwezi kumwambia mtu ambaye ukoo wake haujawahi kuchimba msingi kwa zaidi ya miaka mia mbili achimbe mpaka aridhike. Siku ya kwanza ulifika magotini, ambapo fundi yeyote angeacha. Wiki ya pili ulifika kiunoni. Mama mmoja akaja na ndoo, kwa kuwa alisikia Mwingereza amepata maji. Mwenyekiti akaja kuuliza kama kuna vita ambavyo yeye hajaambiwa. Ulipofika kifuani, Emiliana alimwomba baba aende, maana mchumba wake alikuwa anapotea.

Baba akaenda na fimbo yake. Akasimama ukingoni, akatazama chini, akaona kofia ya majani na sururu.

"Mkwe," akaita, "unatafuta nini huko?"

"Sijaridhika, baba."

"Toka. Ukiendelea utatokezea kwenu."

Wote tuliokuwepo tulicheka, isipokuwa marehemu. Yeye alikuwa amesikia neno la kwanza. Alipanda kutoka kwenye ule mtaro, amejaa udongo mpaka kwenye kope, akauliza, "Baba umeniitaje?" Baba akajifanya anakohoa.

Kujaza msingi ule kwa mawe kulichukua miezi minne na ukoo mzima wa Msengi. Singida hatujawahi kupungukiwa mawe, lakini mwaka ule tulikaribia. Mimi nilipoteza ukucha wa dole gumba la mguu wa kushoto, na sijarudishiwa mpaka leo. Ndoa ilifungwa kanisani Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977. Nyumba yenyewe ndiyo hii iliyoko nyuma yangu. Mitetemeko ya ardhi imepita mara kadhaa, nyumba zetu zikapata nyufa, na hii haikuhisi kitu.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Severina, Noel na Peniel. Yalikuwa maisha mazuri yenye vituko. Marehemu hakutia sukari kwenye chai, hata punje. Alisema amewaona waliokatwa vidole kwa ajili yake, akiwemo mama yake. Wakwe wakadhani anaidharau chai yao, mpaka Bibi Klara akaanza kumwekea asali ya nyuki, naye akawa anakunywa vikombe vinne. Tuligombana mimi na yeye mwaka 1986, nilipolima mstari mmoja ndani ya mpaka wake. Hakunisemesha msimu mzima, ingawa kila Jumapili alikuja kukaa karibu nami kanisani, bega kwa bega, amenuna, akiimba besi. Nilijitetea kwamba ng'ombe walipotoka. Leo naomba radhi. Ng'ombe hawakupotoka.

Mtu aliyehamishwa utotoni hapoi mara moja. Kila Januari, kwa miaka zaidi ya thelathini, marehemu alivaa suti akaenda ofisi ya kijiji kuuliza kama bado anaruhusiwa kukaa. Watendaji wapya walidhani anawakejeli. Wazoefu walimkaribisha kiti, wakamjibu, "Bado upo, mzee," naye akashukuru akarudi nyumbani. Mwaka 2012 tulipopimiwa mashamba na kupewa hati za kimila, alimwomba mpimaji amsomee hati yake mara tatu, ya mwisho polepole. Januari iliyofuata hakwenda. Mtendaji akaja mwenyewe mbio na pikipiki, akidhani mzee anaumwa. Alimkuta anapalilia.

Mwaka 1998 alipata habari kwamba mama yake yu mahututi, akasafiri kwenda Barbados. Hapa kijijini wengi waliamini ndiyo basi. Emiliana alimpakia nguo zote, halafu akazipakua nusu, akasema, "Hizi utazifuata." Alimkuta mama yake hai, akakaa naye siku sita, akamzika. Lile shamba la miwa lilikuwa limegeuzwa hoteli na uwanja mkubwa wa nyasi ambazo ng'ombe hawaruhusiwi kula, watu wakipiga vimpira vidogo kwa fimbo. Nyumba ya mama yake ilikuwa pembeni ya uwanja huo, bado juu ya mawe. Ilikuwa imehamishwa tena mara mbili.

Alirudi baada ya wiki saba. Uwanja wa ndege alifunguliwa begi, likakutwa jiwe moja jeupe lenye vitundu, ukubwa wa mkate. Ofisa akauliza la nini. "Lilikuwa chini ya nyumba ya mama yangu." Akamwachia. Kondakta wa basi la Singida hakumwachia. "Mzee," akamwambia mbele ya abiria wote, "umetoka ng'ambo na jiwe, unalipeleka Singida?" Basi zima likacheka mpaka Manyoni. Marehemu hakujali. Alikusudia kulijengea mahali pa heshima ukutani, akaliweka barazani usiku mmoja tu. Asubuhi alimkuta mama mkwe, Bibi Klara, miguu ndani ya beseni, anasugua visigino kwa lile jiwe.

"Mkwe wangu," akamwambia, "ahsante sana kwa zawadi. Hili linasugua kuliko yote."

Marehemu akaketi chini, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko kile akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza tangu amzike. Bibi Klara hakuuliza. Alimsogezea beseni, akamwosha miguu. Jiwe liliendelea kutumika hivyo hivyo mpaka Bibi Klara alipofariki, likiwa limebaki ukubwa wa andazi.

Mwaka 2016 marehemu alianza kuchoka na kukonda. Daktari alimpima, akamwambia, "Mzee, una sukari." Marehemu akamgeukia dada yangu. "Emiliana, nimeikimbia bahari mbili, na imenifuata mpaka Iramba." Daktari akaanza kumweleza asitumie sukari kwenye chai, akashangaa wote wawili, mume na mke, wanapigana vikumbo kwa kicheko. Marehemu alisema kwao ugonjwa huu umemchukua baba yake na shangazi zake, hata wasiokuwa na uwezo wa kununua sukari waliyoikata wenyewe. Alitibiwa kwa uaminifu. Mwaka jana mguu wa kulia ulianza kuoza, akakatwa chini ya goti, akajichongea mguu wa mninga. Akausifia kwamba ndio mguu wake pekee usiouma.

Wiki mbili zilizopita aliniomba nimkalishe hapa nje, akanionyesha mahali. Hapo mnapopaona.

"Shemeji," akaniuliza, "nikishalala pale, kuna mtu atakayekuja kusema nihame?"

Nilitaka kumtania. Ndivyo tulivyoishi miaka hamsini. Lakini aliniuliza kwa sauti ya mtoto, na nikashindwa. Nikamwambia, "Klementi, ukihamishwa wewe, tutahama wote." Akanishika goti, tukakaa hivyo mpaka Emiliana akaita chakula.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minne, baada ya kulalamika kwamba uji hauna chumvi. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wanafunzi wake waliolichonga jeneza hili na kubishana nani apige randa ya mwisho, na ninyi nyote mlioacha mashamba yenu.

Marehemu ameacha mjane, Emiliana. Watoto watatu, Severina, Noel na Peniel. Wajukuu saba, na kitukuu mmoja aliyezaliwa Aprili. Ameacha ukoo wa Msengi, ambao umeagiza msalabani liandikwe jina letu baada ya jina lake.

Ameacha pia dada mmoja, Sara, mwenye miaka themanini na mbili, huko Barbados. Kwao sasa ni asubuhi. Yuko nasi kwenye simu ambayo Peniel ameinyanyua pale mbele, na ninaomba wenye kofia msimzibe. Kiswahili hajui, kwa hiyo haya yote niliyosoma hakuyaelewa, na Peniel atamsimulia baadaye. Ametuomba kitu kimoja tu. Wakati wa kufukia, kwaya inyamaze kidogo na simu isogezwe karibu, ausikie udongo wa kaka yake.

Bwana amlaze pema shemeji yangu, na pumziko lake liwe la amani.